Shamba limepekuliwa miaka ishirini. Je, sarafu zimekwisha?

Msomaji wetu anayeishi Leicester, Uingereza, ameuliza hivi:

"Shikamoo kaka. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huku Leicester huu ni mwaka wangu wa tisa. Mwaka jana nilinunua detekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, nikajiunga na kikundi kinachotafuta sarafu za kale mashambani. Shamba tulilopewa ruhusa limeshapitwa na watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na wakongwe wa kikundi wanasema limekwisha. Miezi minne nimeokota vifungo, maganda ya risasi za kuwindia na vipande vya makopo, sarafu ya kale sijapata hata moja. Je, ninunue mashine ya bei kubwa zaidi? Na Desemba nakwenda nyumbani, mjomba ana shamba jirani na magofu ya Tongoni. Naweza kuibeba mashine nikajaribu kule?"

Marahaba, mdogo wangu. Hela za mashine mpya ziweke kwanza. Shamba hilo halijakwisha, na mashine uliyo nayo, ikiwa ni ya miaka kumi ya karibuni, inatosha. Tongoni nitaifikia mwishoni. Jibu langu la huko ni hapana, na nitakueleza sababu yake.

Nimetembea mashamba ya Norfolk tangu 2006. Shamba lililonipa sarafu nyingi kuliko yote ni lile ambalo waliotangulia waliliacha wakisema limebaki misumari mitupu. Kuhusu misumari walisema kweli. Ila kilichokuwa kimekwisha pale ni sarafu zinazopiga kelele: peni kubwa za shaba za enzi ya Victoria, shilingi za fedha za George wa Tatu, zimelala bapa, sentimita kumi au kumi na tano chini, hazina chuma jirani. Hizo anazisikia mtu yeyote mwenye mashine yoyote, hata akiwa anatembea huku anaongea na mwenzake. Miaka ishirini inatosha kuzimaliza. Zilizobaki ni zile zenye sauti ndogo, au zilizofunikwa sauti yake na kitu kingine. Na wote waliopita shambani kwako walipita kwa namna ileile: sauti ya chuma imezimwa, mwendo wa haraka, kutoka langoni hadi ua wa mbali na kurudi. Watu hamsini wakipita kwa namna moja ni kama amepita mmoja.

Detekta inapeleka uga wa sumaku ardhini kupitia koili, ile sahani ya mbele. Uga huo unabadilikabadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na metali yoyote ikikutana nao huzaa mkondo mdogo wa umeme ndani yake. Mkondo huo nao hurudisha uga wake, na mashine hupima huo unaorudi: una nguvu kiasi gani, umechelewa kiasi gani. Fedha na shaba zinapitisha umeme vizuri, kwa hiyo zina jibu la aina moja. Chuma, kwa kuwa chenyewe kinashika sumaku, kina jibu la aina nyingine. Ndiyo maana mashine inaweza kukitambua chuma, na ukiiamuru inyamaze juu ya chuma, inanyamaza.

Tatizo liko kwenye huko kunyamaza. Mashine haioni vitu viwili chini ya koili. Inapokea jibu moja lililochanganyika. Msumari wenye kutu ukiwa sentimita tatu kutoka kwenye sarafu nyembamba, jibu la msumari linaimeza sarafu. Tena mashine ikishanyamaza, inahitaji kitambo, sehemu ndogo tu ya sekunde, kabla haijaweza kusikia kitu kingine. Mtu anayepeperusha koili kama anafyeka majani anakuwa ameshaivuka sarafu kabla mashine haijafungua mdomo. Sasa angalia ardhi ya huko ulipo: misumari ya kwato za farasi, misumari ya majumba yaliyobomoka karne kadhaa zilizopita, vipande vya plau na minyororo. Palipo na misumari mingi ndipo palipokuwa na watu. Anayekwepa chuma anakwepa nyumba, soko na lango, halafu anakwenda kutafuta sarafu mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuiangusha.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, fungua sauti ya chuma. Iache iseme kwa mlio mzito wa chini, kisha uipunguze mpaka iwe kama mtu anayeguna chumba cha pili. Siku mbili za mwanzo kichwa kitakuuma. Baada ya hapo sikio litaanza kutenganisha lenyewe, kama unavyoitambua simu yako ikilia katikati ya zogo la soko la Mgandini. Vaa hedifoni, hata kama wenzako hawavai. Nusu ya sarafu zangu nisingezisikia kwa spika, upepo ungezichukua.

Kama mashine yako ina mpangilio wa kasi ya kurejea, yaani inachukua muda gani kusikia tena baada ya kitu cha kwanza, ipandishe. Utapoteza kina kidogo, lakini kwenye misumari kina siyo shida yako. Usikivu wa mashine nao usiusukume hadi mwisho. Wengi wanaupandisha wakidhani wanafika chini zaidi, kumbe mashine inabaki kubwabwaja, hasa karibu na nyaya za umeme, na ndani ya kubwabwaja huko sauti ndogo ya sarafu inapotea. Ushushe mpaka mashine ikae kimya wewe ukiwa umesimama, ndipo uanze kutembea. Simu izime au iweke mbali na koili.

Mwendo wangu ni huu: koili inakwenda kutoka kushoto hadi kulia, kama mita moja na nusu, kwa sekunde tatu hivi, na kila pito linalala juu ya nusu ya pito lililotangulia. Koili inakaribia kusugua udongo. Sentimita tano za hewa chini ya koili ni sentimita tano ulizojinyima ardhini. Kwa mwendo huo asubuhi nzima utamaliza kipande kidogo mno, na moyo utakuambia wenzako wamefika mbali. Waache wafike.

Ukitaka lazima kutumia hela, nunua koili ndogo, ya sentimita kumi na tano hivi, hata iliyotumika. Koili kubwa ya sentimita ishirini na nane inayokuja na mashine nyingi inafika chini zaidi na inamaliza eneo haraka, lakini kwa wakati mmoja inabeba misumari mitano. Ndogo inabeba mmoja au miwili, na sarafu inapata nafasi ya kusema. Halafu kama mashine yako inatumia masafa (idadi ya mitetemo ya uga kwa sekunde) ya aina moja kwa wakati na inakuruhusu kuchagua, chagua ya juu kwa ajili ya sarafu nyembamba. Masafa ya chini yanapendelea fedha nene na kina kirefu. Zile zinazotumia masafa mengi kwa pamoja hazikusumbui kwa hilo.

Sasa nikuoneshe kitu kimoja kwa karibu. Novemba 2014 nilikuwa kwenye shamba hilo la misumari. Kwenye ua wa upande wa mashariki kuna pengo ambalo zamani lilikuwa lango, limeshazibwa kwa miti ya miiba. Mbele ya pengo hilo mashine ilikuwa inaguna bila kupumzika. Nikapima mraba wa mita tano kwa tano, vijiti vinne na kamba ya nailoni, nikaamua kutoa kila kinacholia humo, chuma kikiwemo. Kazi hiyo ilinichukua muda wa saa nne. Ndooni mlikuwa na misumari zaidi ya sitini, nusu ya kiatu cha farasi, pete ya mnyororo na risasi moja ya mviringo ya bunduki ya zamani. Hapo palikuwa pamebaki kimya. Nikabadilisha koili nikaweka ndogo, nikaupita mraba tena, safari hii kwa mwelekeo unaokata ule wa kwanza.

Karibu na kijiti cha tatu nikasikia mlio mmoja, mfupi, wa juu kidogo. Ukienda kushoto upo, ukirudi kulia haupo. Namba kwenye kioo ilikuwa ndogo, palepale inaposoma karatasi ya aluminiamu ya sigara. Nilichimba kwenye shimo ambalo asubuhi ileile nilikuwa nimetoa msumari. Bonge la udongo likapasuka mkononi na ndani yake kukawa na kitu cheusi chembamba kama gamba la changu, upande mmoja umeviringa, upande wa pili umenyooka kama umekatwa kwa mkasi. Na kweli ulikatwa. Ilikuwa nusu ya peni ya fedha ya Henry wa Tatu, ile yenye msalaba mrefu wa mistari miwili unaofika hadi ukingoni, aina iliyoanza kugongwa 1247.

Nyuma ya peni hizo msalaba unagawa maandishi mafungu manne ya herufi tatu tatu. Mafungu mawili yanataja aliyeigonga, mawili yanataja mji. Nusu yangu ilikuwa na ONC na ANT, yaani Canterbury. Jina la mgongaji lilikwenda na nusu nyingine, mfuko mwingine, labda kijiji kingine. Niliiweka kwenye kiganja nikakaa chini kwenye udongo kwa muda. Mtu alikuwa na peni moja akataka kununua kitu cha nusu peni, na akaikata kwa kufuata msalaba. Hiyo ndiyo chenji ya wakati ule. Peni nzima ina uzito wa gramu moja na nusu hivi, nusu yake haifiki gramu moja, na robo yake ni kitu ambacho ukipiga chafya kinaruka. Ni mpaka 1279 na mwaka uliofuata, chini ya Edward wa Kwanza, ndipo zilipoanza kutolewa robo na nusu za mviringo kwa wingi, na kukata kukapungua.

Nimekuhadithia hiyo kwa sababu ndani yake kuna karibu yote yanayobaki kwenye shamba lililopekuliwa: kitu kidogo, jirani na chuma, chenye namba inayofanana na takataka, mlio wa upande mmoja. Mashine iliyochuja chuma isingeisikia. Mashine iliyochuja karatasi ya aluminiamu isingeisikia hata kama misumari isingekuwepo. Na mtu aliyefundishwa kuchimba mlio unaolia pande zote mbili peke yake angeiacha. Kwenye shamba jipya kanuni hiyo ni nzuri, inakuokolea muda. Kwenye shamba kama lako iache nyumbani. Msumari mrefu uliopinda nao hutoa mlio wa juu wa uongo, hilo ni kweli. Ukigeuka robo duara na kuupita kwa upande mwingine, mara nyingi mlio wa uongo unahama au unakatika. Usipohama, chimba. Hata ukiwa na shaka, chimba. Utatoa misumari kumi kwa kila kitu chenye maana, na kila msumari unaoutoa unamfungulia mlango aliye chini yake.

Sarafu nyingine hazijafunikwa na chochote, ila zimesimama wima. Sarafu iliyolala inapokea uga wa koili kwa uso wake wote. Iliyosimama kwa ukingo inaonesha uzi tu. Plau ikipita mwaka huu inaweza kuilaza, mwakani ikaisimamisha tena. Hii ndiyo sababu shamba linalolimwa haliwezi kumalizwa kwa maana kamili, na ndiyo sababu mwelekeo wa kutembea una maana kubwa. Kama kikundi chako siku zote kinafuata mistari ya trekta, wewe ikate.

Kuna na mahali ambapo watu hawaendi. Kabla ya kurudi shambani, kaa usiku mmoja na ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka bure mtandaoni ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, na Uingereza imo, na unaweza kuilaza ramani ya karne ya 19 juu ya picha ya setilaiti ya leo. Tafuta njia za miguu zilizokufa, nyua zilizong'olewa, malango yaliyohama, kisima, banda ambalo sasa ni udongo mtupu. Ndani ya shamba moja kubwa la leo unaweza kukuta mipaka ya mashamba manne, na kila mpaka ulikuwa na lango ambapo watu walipishana, wakaruka, wakainama, wakapungukiwa mifukoni. Chini ya miti mikubwa ndipo wafanyakazi walipokaa kula mchana. Kisha tazama mteremko. Mamia ya miaka ya plau na mvua yanasukuma udongo bondeni na sarafu pamoja nao, kwa hiyo mguuni mwa mteremko udongo ni mnene na vitu vimezama zaidi ya walivyofika wenzako. Hapo ndipo pa kuweka koili kubwa na kuongeza kina, siyo kwenye misumari.

Na inama, tazama chini. Wewe uko Leicester, kwa hiyo mfano wa karibu unao. Hallaton, kijiji cha mkoa huohuo wako, wanakikundi wa kutembea mashambani waliokota vigae na mifupa juu ya udongo. Mwenzao mmoja, Ken Wallace, akarudi na detekta mwaka 2000. Zikapatikana sarafu zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za Wakorieltavi, watu walioishi sehemu hizo kabla na wakati Warumi wanaingia, pamoja na kofia ya vita ya askari farasi wa Kirumi. Wallace alitoa taarifa, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Leicester wakachimba kwa utaratibu, na leo vitu hivyo viko jumba la makumbusho la Market Harborough. Siku isiyo na kazi panda basi ukavione. Kigae kilitangulia, mashine ikafuata.

Wakongwe wako wakikuambia tena kwamba limekwisha, wahadithie habari ya kisiwa cha Jersey. Reg Mead na Richard Miles walisikia kwamba mkulima wa hapo aliwahi kuona sarafu za fedha shambani. Mwenye shamba aliwaruhusu muda mfupi tu kila mwaka baada ya mavuno. Waliendelea kwa karibu miaka thelathini. Mwaka 2012 walifika kwenye bonge moja lililozama karibu mita moja, wakasimama hapo hapo na kuita wataalamu. Lilikuwa na sarafu zaidi ya 69,000 za Waselti, zimeshikana kwa kutu ya shaba. Siwezi kukuahidi bonge kama hilo, halimpati mtu kwa kuliomba. Ninachokitaka ukione ni kwamba walikuwa na habari ya mahali, na walirudi.

Majira nayo yana neno. Shamba lenye mabua ya ngano ya sentimita kumi linakuweka sentimita kumi juu ya ardhi, na udongo mkavu wa Agosti hauna msaada. Siku nzuri ni baada ya mkulima kupanda na kusawazisha kwa rola, mvua ikiwa imenyesha siku mbili tatu, udongo umeshikana na una unyevu. Muulize mkulima ratiba yake. Anapenda kuulizwa kuliko kukuta nyayo kwenye mbegu zake. Muulize pia kama aliwahi kumwaga mboji ya takataka za manispaa. Mboji hizo zinakuja na maelfu ya vipande vya aluminiamu vilivyosagwa, na shamba lililomwagiwa linalia kila hatua. Kama la kwenu lilimwagiwa, huenda ndicho kinachowafanya wakongwe wakate tamaa, na hapo hata mimi ningehamia kona ambayo haikuguswa.

Siku ukiipata ya kwanza, usiisugue. Najua mkono utakavyotaka. Kwetu sufuria na shaba vinang'aa kwa majivu na ndimu, na kidole gumba kinakwenda chenyewe. Chembe moja ya mchanga kati ya gumba na fedha laini ya miaka 700 inachora mstari ambao hautafutika. Iweke kwenye kimfuko pamoja na udongo wake, andika namba ya mahali kutoka kwenye simu, nyumbani iloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi, na uikaushe kwa kuiacha. Siki, ndimu, soda, dawa ya meno, vyote hapana.

Ile namba ya mahali ni nusu ya thamani ya sarafu. Kila mkoa wa Uingereza una ofisa wa mpango wa kitaifa wa kuandikisha vitu vya kale, unaosimamiwa na British Museum, na kanzidata yake imeshapita vitu milioni 1.5. Mpelekee kila kitu cha zaidi ya miaka 300, hata nusu peni iliyolika. Hiyo si lazima kisheria kwa sarafu moja moja, lakini ndiyo inayofanya mtu mwingine ajue kwamba mbele ya lango lililozibwa palikuwa na biashara. Kilicho lazima ni hazina. Chini ya Sheria ya Hazina ya 1996, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri wa miaka 300 na kuendelea zilizofukiwa pamoja ni hazina. Za shaba na metali nyingine ni kuanzia kumi. Una siku 14 kutoa taarifa kwa mchunguzi wa vifo wa wilaya, ambaye kwa desturi ya huko ndiye pia mwenye mamlaka juu ya hazina. Ofisa wako atakusaidia kuipeleka. Ukikuta nyingi pamoja, acha kuchimba, funika, piga simu. Na mwenye shamba muandikishiane mapema mtagawana vipi, ingawa ni jirani na mnapendana. Angalia pia kama shamba limo kwenye orodha ya maeneo ya kale yaliyolindwa. Humo kutumia detekta bila kibali ni kosa la jinai hata kama mwenye ardhi amekukaribisha chai.

Mwaka 2015 wanaume wawili walichimbua hazina ya Waviking karibu na Leominster, wakaificha na kuanza kuuza. Sarafu zilikadiriwa kuwa mia tatu, zilizopatikana mwanzoni ni thelathini na kidogo. Mwaka 2019 walifungwa miaka mingi. Kwenye chache zilizorudi kuna zinazomuonesha Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia wamekaa bega kwa bega kama wafalme wawili walioafikiana, jambo ambalo vitabu vya zamani vilimnyima Ceolwulf. Zaidi ya mia mbili hazijulikani zilipo. Kila nikifikiria zilikuwa zinasema nini, naumia.

Hapo ndipo Tongoni inapoingia. Tanzania tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa kabla ya 1863 kiko chini ya ulinzi wake, na kuchimba kwa lengo la kuvitafuta kunahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Hakuna ofisa wa mkoa wa kukuandikishia sarafu za weekendi, wala zawadi ya kugawana. Shamba ni la mjomba, kilicho ardhini si chake wala chako. Mombasa na Malindi mambo ni hayo hayo chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya 2006, mwaka wa mpaka kule ni 1895.

Lakini hata sheria isingekuwepo ningekuzuia, na nitakuambia kwa nini. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walikuta fungu la sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo sana, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri wa wakati ule. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani yetu wenyewe. Kwa kuwa zilitolewa tabaka kwa tabaka, na dinari zilizokuwa nazo zina tarehe, ikajulikana kwamba pwani hii ilikuwa inagonga fedha yake karibu miaka elfu moja iliyopita. Mtu mwenye detekta na jembe angeziuza kwa gramu. Norfolk ninachimba ndani ya udongo ambao plau imeshauvuruga, sentimita ishirini za juu, tabaka zake zilishapotea. Mguuni mwa kuta na makaburi ya Tongoni tabaka bado zipo zimelala, na walioweza kuzisoma hadi sasa ni wachache.

Desemba fanya hivi badala yake. Kila nyumba ya Tanga ina kopo, la talkamu au la biskuti, lenye sarafu za bibi. Mwombe shangazi alifungue. Humo utakuta senti zenye tundu za wakati wa Mwingereza, na ukibahatika pesa ya Sayyid Barghash yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria, au heller ya Mjerumani, ambayo ndiyo iliyotuachia neno hela mdomoni. Ukiona ya heller ishirini ya shaba ya manjano iliyoandikwa 1916 yenye herufi T, shika vizuri: iligongwa Tabora, vita ikiwa imekata njia ya meli. Zipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa asubuhi, usizisugue, na uandike kila moja aliipata nani, wapi, kwa kazi gani. Wenye majibu hayo ni wazee, kwa hiyo anza na aliye mkubwa kuliko wote.

Ukirudi Januari ardhi ya Leicester itakuwa imelowa vizuri. Anza na lango la zamani utakaloliona kwenye ramani, vijiti vinne na kamba.